Mmoja Bado Yuko Juu

6 Januari

Dada yangu,

Salamu kwako, nyingi kuliko mashuka niliyofua leo, na leo nimefua mia mbili na kumi. Mimi mzima. Baridi tu ndiyo inanitafuta, lakini tumeshazoeana kama wapangaji wa chumba kimoja.

Madoa usiyashangae. Unajua mkono wangu huu wa kushoto unavyoandika huku kiganja kinafuta nyuma, kama watu wawili waliogombana. Mwalimu alinichapa miaka minne nibadilishe mkono. Mimi nikaona heri nibadilishe shule, na nikaishia kubadilisha maisha.

Sasa sikia. Jumanne ya wiki ijayo tuna mapumziko, na tumeamua kwenda kuteleza kwenye theluji kama wageni wa hoteli. Ndiyo, mimi dobi. Tuko watatu: mimi, Mpishi, yule anayenifichia mkate, na Fundi Bomba, mwenye miguu mirefu mpaka suruali zinamwogopa. Kuteleza kwenyewe ni hivi: unafungwa mbao mbili ndefu miguuni, unakalishwa kwenye kiti kinachoning'inia kwenye waya, kinakupandisha mlimani, halafu kinakumwaga huko juu ushuke kwa akili zako. Mpishi anasema akili zangu zitaishia kwenye mti wa kwanza.

Nguo nimepata. Huku kwenye chumba cha kufulia kuna rafu ya vitu walivyosahau wageni. Sheria ni kwamba kitu kikitimiza miaka miwili bila mwenyewe kutokea, mfanyakazi anayekitaka anachukua. Kuna jaketi moja la bluu, zito, zuri, nimelitolea macho tangu nifike. Karatasi yake inaonyesha miaka miwili inatimia tarehe kumi na nne, siku yenyewe ya kwenda. Msimamizi hayupo, kwa hiyo nimelichukua leo. Siku nane tu, nani ataumia? Ila lina kituko. Tangu likiwa rafuni, kila nikilikausha, asubuhi nalikuta bichi. Nimelipitisha kwenye mashine ya joto mara tatu. Labda lina homa.

Mwambie Mama mkataba wangu unaisha Aprili, na Aprili hiyo hiyo niko mlangoni. Najua macho yake yamezima kabisa. Mwambie hajapoteza kitu, sura yangu anaijua haikuwa hasara. Atanishika mkono, atanijua. Anisubiri tu.

Nisalimie Shangazi, umtie mafuta. Sijaona cherehani nyingine inayolalamika siku nzima kama mwanamke aliyenyimwa chai msibani.

Mdogo wako,
Kelele, Waziri wa Mashuka

—

14 Januari, mchana

Dada,

Hii naiandikia juu ya mlima, kwenye kibanda cha kupumzikia, meza ni goti langu. Nimebeba karatasi makusudi upate habari zikiwa bado moto, ingawa hapa cha moto ni chai ya Mpishi tu.

Nimeanguka mara kumi na moja. Mpishi ndiye kahesabu, mimi niliacha kwenye ya nne. Ya kwanza nilianguka nikiwa nimesimama, safari haijaanza. Kuna mtoto wa chekechea kanipita anaimba. Fundi Bomba anashuka kama maji kwenye mabomba yake, mimi nashuka kama gunia lililodondoka kwenye lori. Lakini mara moja, Dada, mara moja tu nilishika mwendo. Upepo masikioni, mlima wote mweupe unanipisha, nikacheka peke yangu mpaka watu wakageuka. Halafu nikakumbuka hakuna aliyenifundisha kusimama.

Kuna kitu kimenifurahisha. Pale chini kuna geti, na kila mtu ana kadi yake mfukoni. Ukipanda geti linaisoma, ukishuka linaisoma tena, na juu ya kibanda cha Mlinzi kuna ubao wa taa unaoonyesha watu wangapi bado wako mlimani. Mlinzi haruhusiwi kufunga mpaka usome sifuri. Basi ubao huo una miaka miwili haujasoma sifuri. Watu wote wakishuka unabaki kwenye moja. Mafundi wamekuja, wamefungua, wamefunga, moja. Siku hizi Mlinzi akiona moja anajua ndiyo sifuri yenyewe, anafunga geti anaenda kwake. Nikamuuliza huyo mmoja anakula nini huko juu. Hakucheka. Watu wa huku utani unawafikia umechelewa, kama barua.

Kadi yangu imepotea, nadhani ni ile ya saba, niliyoanguka kichwa chini. Nilipojipapasa nikakuta nyingine kwenye mfuko wa ndani wa jaketi, kuukuu, ya mwenye jaketi bila shaka. Mpishi anataka nikamweleze Mlinzi. Nieleze nini, kwamba dobi kapoteza kadi akiwa ndani ya jaketi aliloiba siku nane kabla ya kupewa? Fundi Bomba anasema geti ni geti, halijui sura ya mtu, nishuke na hiyo hiyo.

Ukungu umeshuka sasa hivi, mweupe kama shuka, umeziba dirisha lote. Wakati naingia hapa nilimwona mtu kasimama kwenye miti, jaketi lake kama langu, bluu ile ile. Nikampungia, naye akanipungia. Mimi kwa kushoto, yeye kwa kulia, kama naangalia kioo. Nilimwonyesha Fundi, akasema haoni mtu.

Jaketi nimelitundika kwenye msumari lichuruzike kidogo. Mpishi ananiita nje tushuke, ngoja nilich

Dada yangu,

Nimeshuka salama saa kumi alasiri. Kadi imekubaliwa. Ubao umesoma moja, na Mlinzi amefunga.

Huku chini kuna joto. Nilikuwa nimesahau.

Tafadhali nieleze habari za mama yetu na za nyumba yetu.

Ndugu yako

—

30 Januari

Kelele,

Barua yako tumeicheka mpaka Mama akapaliwa, ikabidi nimpige mgongoni. Pale kwenye mtoto wa chekechea nilirudia mara tatu kwa amri yake.

Ila mwisho wa barua umenishinda. Uliumwa? Mwandiko umesimama wima kama askari wa gwaride, na hakuna doa. Tangu ujue kushika kalamu sijaona mstari wako ambao kiganja hakijapita. Nikasema labda baridi imekunyoosha. Mama akataka nikisome tena kile kipande, nikakisoma. Akaniuliza, "Hapo anayesema ni nani?" Nikamjibu ni wewe, nani mwingine. Akageukia ukutani.

Jaketi lirudishe. Mimi nashona nguo za watu kila siku, najua nguo inavyomzoea mwenyewe.

Daktari kasema moyo wa Mama umechoka, hataki ashtuliwe. Ninavyomwona, kinachomshikilia ni hiyo Aprili yako. Kila asubuhi kabla ya uji ananiuliza zimebaki siku ngapi. Kwa hiyo wewe teleza, anguka, fanya vituko vyako, lakini Aprili uwe mlangoni.

Shangazi anakusalimu. Wiki hii sindano mbili, na bado analalamika.

Dada yako

—

12 Februari

Dada yangu,

Barua yako nimeipokea na kuisoma mara nyingi. Nampa pole Shangazi kwa sindano alizochomwa. Natumaini atapona.

Aprili ni mbali. Nimeomba kuondoka mapema, na nimekubaliwa. Nitafika Machi.

Naomba unieleze mambo machache ili nisikosee. Kutoka mlangoni hadi kitanda cha mama ni hatua ngapi? Mama hulalia upande upi? Je, kuna mwingine anayesubiriwa hapo nyumbani, au ni mimi peke yangu?

Kusubiriwa ni jambo jema. Wako watu ambao hakuna aliyewahi kuwaulizia.

Jaketi ninalo.

Ndugu yako

—

24 Februari

Kaka Mpishi,

Hunijui kwa sura, lakini nakujua kwa mkate unaomfichia mdogo wangu. Nakuandikia kwa siri. Ukimaliza kusoma ichome jikoni kwako.

Mdogo wangu ana nini? Barua yake ya mwisho ni safi kama karatasi ya serikali. Amempa pole Shangazi kwa kuchomwa sindano. Kaka, Shangazi ni cherehani yangu. Jina hilo alilibandika yeye mwenyewe akiwa na miaka sita, siku ilipomng'ata kidole. Na anauliza hatua ngapi toka mlangoni hadi kitandani kwa Mama, yeye aliyejifunza kutembea kwenye hatua hizo.

Mchunguze taratibu. Tazama anashika kijiko kwa mkono gani. Muulize jina la cherehani. Mtanie uone kama anajibu, maana Kelele hata akiwa na homa ya kufa hawezi kuacha utani upite bila kuurudisha.

Nilimficha Mama, lakini ameninyang'anya siri kwa masikio yake. Anasema kama mtoto amepotea, msimwite kwa jina la kwenye vitabu. Mwiteni kama yeye anavyomwita: "Kelele wangu, njoo ule." Anasema kwa hilo Kelele hajawahi kuchelewa.

Mama hana siku nyingi. Sitaki aje mtu amshike mkono halafu asiwe yeye.

Dada wa Kelele

—

5 Machi

Dada,

Nisamehe nimechelewa kukujibu. Nilikuwa nataka kuwa na hakika, na sasa ninayo kuliko nilivyotaka.

Anashika kijiko kwa kulia. Pasi kwa kulia. Chakula anakula kikiwa kimepoa, na kikiwa na moto anakisogeza mbali kwanza. Anakokaa, kiti kinabaki kimelowa. Nilimwambia mbele ya Fundi Bomba kwamba tangu aanguke mara kumi na moja mlima umelalamika kwa wakubwa. Alinitazama akaniambia, "Mlima haulalamiki." Nilipomuuliza jina la cherehani ya dada yake, alisema cherehani haina jina.

Basi nikaenda kwa Mlinzi wa geti. Mwenye jaketi alikuwa mgeni wa hoteli, alikuja peke yake. Miaka miwili iliyopita, tarehe kumi na nne Januari, alipanda na hakushuka. Walimtafuta siku sita. Wakakuta jaketi tu, limetundikwa kwenye msumari wa kile kibanda, kadi ndani. Wakalileta hotelini, likaandikiwa tarehe ile aliyopotea, likawekwa rafuni. Hakuna aliyepiga simu. Hakuna aliyeandika. Mlinzi anasema mtu yule alipokuwa anapanda alimuuliza swali moja: asiposhuka, ubao utajuaje.

Sasa nielewe vizuri, Dada, maana mimi ilinichukua siku tatu. Siku ile kadi ya zamani ilishuka, na kadi ya mdogo wako ikabaki huko. Ubao ulisoma moja asubuhi, ukasoma moja jioni. Namba ilikuwa ile ile, tukadhani na mtu ni yule yule. Mimi niliyekuwa namsubiri nje, mbali kidogo na kibanda, niliona jaketi la bluu linatoka kwenye ukungu, nikaligeuzia mgongo nikaanza kushuka. Sikutazama uso. Hilo nitalibeba.

Na kuna lingine. Wale wanaokagua mlima jioni wamekuwa wakisikia mtu anacheka huko juu kwenye ukungu. Anacheka, ananyamaza, anaongea lugha wasiyoijua, anacheka tena. Walidhani ni upepo. Nikawaambia hakuna upepo wenye vichekesho.

Nilitaka leo tumchukue huyu tupande naye. Hayupo. Ameondoka jana asubuhi na pasipoti ya mdogo wako. Kitanda chake kimetandikwa kama hakijalaliwa, na Fundi anasema hajawahi kumwona akilala.

Kesho mimi na Fundi tunapanda. Nitaita kama Mama alivyosema. Kuita watu waje kula ndiyo kazi yangu.

Mpishi

—

8 Machi

Dada,

Hawa marafiki zangu ni watu wabaya. Nimetoka kibandani kuwafuata, sina hata jaketi, maana lile nililikosa pale msumarini, nikajua Fundi kanifanyia mzaha. Nje ukungu. Naita, hawaitiki. Nikasema nisiposikia mtu nitaganda, bora nijisikie mwenyewe. Nikaanza kujisimulia vichekesho, vile vya zamani vya baba, na nikifika mwisho nacheka kwa adabu kama mgeni. Nadhani nilimaliza kama vitano. Mara nasikia sauti ya Mpishi, "Kelele wangu, njoo ule." Nani anaitwa kula akabaki? Nikafuata sauti, nikawakuta. Mpishi ana ndevu. Asubuhi alikuwa hana.

Wanasema ni miezi miwili, Dada. Mimi nakwambia vichekesho vitano. Kidevu changu hakina hata unywele, na soksi zangu zilikuwa bado na jasho la ile asubuhi. Kadi yangu nimeikuta kwenye kiatu, ilikuwa inanibana siku yote nikadhani ni kidole.

Tulishuka polepole, wamenishika huku na huku kama bwana harusi. Geti likaisoma kadi yangu. Ubao ukasoma sifuri. Mlinzi alivua kofia akaiangalia ile namba muda mrefu, halafu akakaa chini kwenye theluji, mtu mzima yule, akajifuta macho. Mimi nilitaka kumtania nikashindwa. Hiyo iandike mahali.

Sasa Mpishi ameniambia mengine, na utani wote umenitoka mwilini. Huyo mtu anakuja huko kwetu na pasipoti yangu. Usimfungulie. Kama umeshamfungulia, kaa kati yake na Mama. Mwambie Mama asimshike mkono, mimi ndiye nakuja kushikwa. Makaratasi mapya wanasema yatachukua wiki tatu. Aprili ni ile ile, sijaibadilisha.

Kelele

—

9 Machi

Kaka Mpishi,

Sijui kama ulipata barua yangu. Amefika leo mchana.

Nilifungua mlango nikijua ni mteja wa nguo. Ni sura yake, Kaka. Ni urefu wake, hata kovu la kidole lipo, ila liko mkono wa kulia. Amevaa jaketi kwenye joto hili na hatoki jasho. Sikumjibu lile swali la hatua, lakini alipita sebuleni akatembea hatua saba, akasimama pale pale kitandani. Mama akanyoosha mkono. Nilitaka kumzuia nikakumbuka moyo wake.

Amemshika mpaka sasa ninapoandika. Na mimi nimekaa na mkasi mapajani kama mjinga.

Dada wa Kelele

—

22 Machi

Kelele,

Barua yako imefika jana. Ina madoa kila mstari, na moja ni la chai. Nimeishika nikalia, halafu nikaanza kuogopa, maana aliyesimama mlangoni kunipokelea barua ni yeye.

Nikasema liwe liwalo. Nikakaa kitandani kwa Mama nikaisoma kwa sauti, yote, naye yuko pale kwenye kigoda anasikiliza. Nilipofika kwenye sifuri aliinua uso. Nilipofika kwenye "mimi ndiye nakuja kushikwa" alisimama, akauachia mkono wa Mama taratibu, kama mtu anayerudisha kitu dukani. Akauliza, "Nirudi juu?"

Mama ndiye alijibu. Alisema alijua tangu siku ya kwanza, maana mkono wa Kelele haujawahi kutulia hata dakika moja, na huu ulitulia kama jiwe la mtoni. Alisema ameushika siku zote hizi kuona kama utapata joto. Halafu akamwambia, "Wewe umeshashuka. Kaa."

Akakaa.

Kwa hiyo Mama mzima, na bado ananiuliza kila asubuhi zimebaki siku ngapi. Hesabu ya Aprili ni yako, hajampa mtu. Lakini ujue ukija utakuta kitanda chako kina mwenyewe. Nilimwambia ukifika atalala chini. Akasema nisihangaike na mkeka, yeye halali. Ananisaidia kutunga uzi kwenye sindano. Shangazi, tangu mtu huyu aanze kumgusa, hajalalamika hata mara moja, na mimi ukimya huo siupendi.

Jana jioni alisimama mlangoni akatuhesabu kwa kidole. Mama, mimi, yeye. Watatu. Akaniuliza wewe ukiingia tutakuwa wangapi. Nikasema wanne. Akaniuliza tena, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia: na nani atatoka?

Njoo, mdogo wangu. Njoo na kelele zako zote, uanzie barabarani nikusikie. Mama nampa uji, namwambia siku zimebaki kumi na kitu, anacheka.

Jaketi lake amelivua mwenyewe ile jana baada ya barua, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nimeweka beseni chini yake. Leo asubuhi nimemwaga beseni mara mbili, na joto lote hili, jaketi bado linadondosha maji.

Dada yako